Siku Nilipomposea Laurenti Mke wa Pili

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hucheka peke yangu hadi wajukuu wananitazama wakidhani uzee umenipanda kichwani. Ni siku niliyomposea mke wa pili mwanamume Mkatoliki mwenye ndoa yake ya kanisani, mchana kweupe, mbele ya wazee wa Ijumbi, kijiji chetu, na mimi mwenyewe nikiwa nyuma ya kamera nasema "vizuri, vizuri, endeleeni." Sikukusudia. Lakini mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na pole kweli sikupewa.

Nakusimulia kwa sababu ya ile video uliyonionyesha kwenye simu leo, ulipokuja kunisalimia kutoka Ijuganyondo. Bibi yako amekaa mlangoni anatafuna akamwani, ile kahawa yetu ya wageni na wazee. Usingizi unampitia, mdomo unafunguka, punje inadondoka kifuani. Umeipiga vizuri, sikunyimi sifa yako. Ukaniambia watu wengi wameitazama na wamecheka sana. Nikakuuliza, "Bibi mwenyewe ameiona?" Ukaanza kunieleza jinsi mtandao unavyosumbua Ijuganyondo. Basi kaa kidogo unisikilize.

Vijana wengi huniuliza nilisomea wapi kazi ya kuongoza filamu. Nilisomea kwenye benchi la kibanda cha video, Bukoba mjini. Nilikuwa kijana wa studio ya picha ya Mzee Sefu, Mwislamu mmoja mwenye asili ya pwani, mpole, mpenda kofia safi na chai ya tangawizi. Nikimaliza kazi za mchana nilikwenda kibandani na daftari. Wenzangu walitazama ngumi, mimi nilihesabu picha imebadilika mara ngapi. Nilidhani kila inapobadilika ni kamera nyingine. Kwa ngumi moja nilihesabu kamera ishirini, nikajiambia, mae, wenzetu wana kamera nyingi kuliko sisi tulivyo na migomba!

Mzee Sefu aliponunua kamera ya video kwa ajili ya harusi, ile kubwa ya kubeba begani, alinikabidhi mimi. Harusi ya kwanza nilimweka bibi harusi mbele ya dirisha, jua likimpiga mgongoni. Uso ukatoka mweusi tii, pazia likaonekana vizuri mno, hadi uzi wake. Mama wa binti aliitazama kanda yote, kisha akaniuliza, "Kijana, wewe ulialikwa na pazia?" Harusi ya pili mvua ilinyesha juu ya bati wakati baba mzazi anatoa wosia. Unazijua mvua za kwetu. Mzee anafungua na kufunga mdomo robo saa nzima, na wosia wote ni mvua. Ndivyo nilivyosoma, mwanangu, kila somo na aibu yake. Kuunganisha picha nako nilijifunza kwa deki mbili na kidole kimoja, nabonyeza hapa, naachia pale, na kidole kikichelewa tu, bwana harusi anakosa kichwa.

Baada ya miaka michache nikawa hodari. Tatizo ni kwamba nilijua kuwa ni hodari. Kila aliyenisifu nilimjibu, "Nimejifunza mwenyewe." Mzee Sefu alikuwa akitikisa kichwa. "Deo," aliniambia siku moja, "mtu anayejifundisha mwenyewe, mwalimu ni yeye na mwanafunzi ni yeye. Sasa atasahihishwa na nani?" Nilicheka nikaendelea kufuta lenzi.

Usione vyaelea, vimeundwa, na mimi nilitaka kuunda changu. Nikaandika filamu yangu ya kwanza. Fundi cherehani anampenda binti wa mzee mkali, anapeleka posa, anakubaliwa, wanaoana, mwisho. Mzee Sefu aliniazima kamera kwa wiki mbili. Padre wa parokia akanikubalia ukumbi, filamu ionyeshwe Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya misa. Ikatangazwa kabisa kanisani. Kwa hiyo Ijumbi nzima ilikuwa inasubiri, na mama yangu alikuwa ameshachagua kitenge cha kuvaa.

Wa kuigiza fundi cherehani sikumtafuta mbali. Laurenti alikuwa fundi kweli, mtanashati, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Mkewe, Adela, alikuwa amekwenda kwao upande wa Rubya kuwasaidia wazazi kuvuna kahawa. Kwa binti nilimchagua Kokushubira, tulimwita Koku, aliyekuwa anafundisha watoto wa chekechea. Nilisema nimemchagua kwa sababu anatamka vizuri. Haya, tuseme hivyo. Ile sehemu ya kutoka kisimani na ndoo nilimrudisha mara tisa, nikisingizia jua.

Baba yake, Mzee Kaijage, alisema binti yake hatatazamwa na mashine bila yeye kuwepo. Nikamwambia njoo, tena uigize baba. Nikajiona mjanja. Mshenga nilimpa Ta Ishengoma, "Ta" kwetu ni heshima ya mzee. Huyo hakuwa na haja ya kuigiza, maana nusu ya ndoa za Ijumbi ni yeye aliyezipelekea posa. Na kwa uvivu wangu, ili watu wasisahau, kila mtu nilimwachia jina lake lile lile.

Tulipofika sehemu ya posa, mara ya kwanza tulitia maji kwenye vibuyu. Mzee Kaijage akanywa, akakunja uso, akatazama moja kwa moja kwenye kamera akauliza, "Haya maji ni ya kisima gani?" Nikaona hapana. Kitu bandia kinaonekana bandia. Nikamtuma Laurenti akalete rubisi ya kweli, ile pombe yetu ya ndizi, vibuyu viwili vilivyozibwa kwa majani ya mgomba. Nikaomba kikapu cha akamwani. Tukatandika nyasi mbichi sebuleni kwa Mzee Kaijage, majirani wakaketi, wanawake upande wao. Ta Ishengoma nilimpa karatasi ya maneno yangu, akaikunja akaitia mfukoni, akasema maneno ya kwake.

Mwanangu, yalikuwa maneno! Alianza na ukoo, akashuka kwa babu, akaja kwa Laurenti kwa jina lake na la baba yake. Akamwomba Koku kwa jina lake. Mzee Kaijage akasikiliza, akatafuna kahawa, akapitisha kikapu kwa ndugu zake. Akapokea kibuyu, akanywa, akajifuta mdomo, akasema, "Binti ni wenu." Vigelegele vikapasua bati. Mimi machozi yalinitoka kwa furaha, nikajua nimepata kitu ambacho hata wale wenye kamera ishirini hawana. Nikapiga kelele, "Kata!"

Hakuna aliyeinuka.

"Ukate nini?" akauliza Ta Ishengoma.

"Nakata picha, Ta. Tumemaliza. Asanteni sana."

"Rubisi imenyweka. Kahawa imetafunwa. Mwenye binti ametamka. Hapo cha kukata ni kipi?"

Nikacheka. Nikagundua nacheka peke yangu. Jirani mmoja akauliza bibi harusi atasindikizwa lini, ili ajue kuandaa ndizi. Laurenti akasimama jasho linamtoka. "Lakini jamani, mimi nina mke! Mnamjua Adela!"

"Tunamjua," akajibu Ta Ishengoma. "Sisi tulidhani umemsahau wewe."

Usifikiri wazee wale walikuwa hawajui filamu, mwanangu. Walijua. Ta Ishengoma alinieleza pale pale, bila hasira. "Tunajua ni mchezo wako. Lakini neno hilo halisemwi mahali hapa, kwa vitu hivi, kwa majina ya watu, halafu likawa si neno. Tukikubali leo kwamba lilikuwa mchezo, kesho kijana ataposa kweli, akichoka atasema, waitu, ndugu zangu, mimi nilikuwa naigiza."

Mzee Kaijage alikuwa bado na kibuyu mkononi. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anaelewa alichokifanya. Amempa binti yake mwanamume mwenye mke, na majirani wote wamesikia. Nani angekuja tena kumposa Koku, ambaye pombe yake imeshanywewa? Akamwambia binti aingie ndani. Akaniambia mimi nitoke nje, na kamera yangu, nisirudi hadi jambo hilo liwe sawa. Koku alinitazama mara moja tu kabla ya kuingia. Mtazamo ule sikuwahi kuupiga picha, lakini ninao hadi leo. Filamu nilikuwa na nusu, wiki zilikuwa zinakwisha, lakini kilichonichoma ni kwamba nimemharibia jina yule niliyetaka kila mtu amwone alivyo mzuri.

Lisemwalo lipo. Na likisemwa Ijumbi, huwahi kufika Rubya kuliko baiskeli. Kesho yake asubuhi Adela alitokea kwenye kibanja chetu, kikapu kichwani, vidole vyeusi kwa utomvu wa kahawa. Akamsalimia mama yangu kwa adabu zote, akapiga magoti, kisha akasema, "Mama, nimekuja kumsalimia mke mwenzangu. Nimeambiwa mwanao ndiye mzazi wa bwana harusi." Mama yangu, Mungu amrehemu, alikimbilia nyuma ya migomba akajifanya anatafuta kuni. Nilimwona mabega yanavyomtikisika kwa kicheko. Mimi nilieleza, nikaapa, nikaonyesha karatasi. Adela akasoma mstari kwa mstari. "Haya maneno matamu umeyaandika wewe?" akauliza. "Laurenti mimi aliniposa kwa maneno matatu." Akaketi, akaomba maji ya kunywa, nikajua sitapigwa.

Nikaenda kwa Ta Ishengoma. Nilimkuta uani anageuza kahawa yake juani, kiganja kwa kiganja. Hakuniambia kaa, nikakaa mwenyewe chini. Nikamwambia, "Ta, nimekosa, nisaidie."

"Hiyo mashine nani alikufundisha?"

"Nilijifunza mwenyewe."

"Vizuri. Na watu, ulifundishwa na nani?"

Aliendelea kugeuza kahawa. "Ulikuja ukaomba vibuyu," akasema. "Ukaomba nyasi, ukaomba kikapu. Vyote uliomba vizuri, mtoto mwenye adabu. Kaijage ulimwomba neno lake? Ulimweleza litakwenda wapi? Yule binti ulimuuliza anataka kuposwa hata kwa mchezo? Uliza, Deo. Mungu hakukupa mdomo wa kusema kata peke yake."

Mwanangu, niliona haya. Niliona haya kuliko siku ya pazia. Nilikuwa nimewatazama watu wale kupitia kile kijitundu cha kamera wiki nzima, na sikuwa nimewauliza lolote.

Penye wazee haliharibiki neno. Akaniambia dawa yake. Vibuyu virudi vimejaa, wazee waketi upya, Mzee Kaijage akatae waziwazi, Laurenti akubali kukataliwa, na Adela awepo asikie. Nikashukuru, nikainuka. Kisha nikakaa tena, maana somo lilikuwa bado bichi. Nikauliza, "Ta, je, naweza kuja na kamera?"

Aliacha kugeuza kahawa. "Mimi unaniuliza?"

"Nakuuliza, waitu."

"Mimi sina neno. Waulize na wenzangu."

Nikazunguka mlango kwa mlango. Laurenti alisema atakubali lolote ili mradi alale nyumbani kwake. Mzee Kaijage alinisikiliza mlangoni, kisha akauliza, "Sasa huko kukataa, nikatae kwa ukali kiasi gani?" Nikajua amenogewa. Adela akasema anakubali kama na yeye ataingia kwenye picha, akiwa na kitenge kipya. Koku alikuja hadi mlangoni, akasimama na mikono kiunoni. "Siku ile nilikaa tu kama mtungi," akasema. "Mnaongea habari zangu, mnakunywa, mnanigawa. Safari hii nina neno la kusema?"

"Useme lolote utakalo," nikajibu. Alitabasamu. Tangu siku hiyo sijaandika neno la mwanamke bila kumuuliza mwanamke.

Wazee wakaketi. Mzee Kaijage alinguruma hadi kuku wakatoka nje. Koku akasimama, akasema kwa sauti ile yake ya chekechea, "Baba, mrudishie rubisi yake. Mwanamume anayesahau kwamba ana mke, mimi atanikumbuka kwa muda gani?" Adela nilikuwa nimempanga aingie nikimpungia mkono. Hakungoja mkono. Aliingia, akachukua kibuyu, akakitwika kichwani, akamkamata Laurenti kwa shati, wakatoka hivyo hivyo hadi barabarani, na majirani nyuma yao wakigaragara kwa kicheko. Mimi nilicheka hadi kamera ikatikisika. Huo mtikisiko umo kwenye kanda mpaka leo, na sikuwahi kuutoa.

Ndiyo ikawa filamu. Ile ya ndoa na mwisho mwema niliiacha, nikaunganisha hii ya fundi aliyesahau mke. Jumapili ile tuliziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi, Mzee Sefu akaja na televisheni yake kutoka Bukoba, ameishikilia njia nzima kama mgonjwa. Watu walicheka, wakadai kibuyu kirudiwe. Nikarudisha nyuma. Wakadai tena. Adela aliinuka akasalimia watu kwa mkono. Mcheza kwao hutunzwa. Walipotulia, Mzee Sefu aliniuliza mbele za watu, "Deo, nani alikufundisha haya?" Nikafungua mdomo kusema lile jibu langu la siku zote. Nikamwona Ta Ishengoma benchi la mbele, anatafuna kahawa polepole, ananitazama.

"Ni hawa wote, mzee," nikasema.

Filamu nyingi zimefuata. Kanda zikaisha zikaja sahani, sahani zikaisha zikaja simu, na mimi bado niko. Juzi chuo kimoja kiliniita nikaongee na wanafunzi, mmoja akaniomba nionyeshe cheti. Nilimwonyesha picha ya Ta Ishengoma. Lakini sijamaliza kukueleza habari ya Koku.

Mwaka uliofuata nilimtuma Ta Ishengoma kwa Mzee Kaijage, safari hii kwa ajili yangu. Tulipofika mlangoni, mzee alisimama katikati. "Fungueni mifuko." Tukafungua. Akapekua, akainua majani yaliyofunika kikapu cha ndizi, akachungulia hata mdomo wa kibuyu. Alikuwa anatafuta kamera. Alipokosa akaturuhusu kuketi. Ta Ishengoma akaanza na ukoo, akashuka kwa babu, lakini mzee akamkatiza, jambo ambalo si desturi kabisa. "Huyu kijana aseme mwenyewe," akasema. "Deo. Hii ni kweli au ni filamu?"

Mwanangu, mimi niliyewaandikia wenzangu maneno matamu hadi Adela akayaonea wivu, nilibabaika. Nikasema, "Ni... mzee wangu... Koku... mimi..." Nikasimama, nikakaa, nikaangusha kikapu cha akamwani, kahawa ikatawanyika kwenye nyasi. Toka chumba cha ndani nilisikia Koku anacheka, kicheko kikubwa, hajifichi. Mzee Kaijage akawageukia ndugu zake.

"Basi ni kweli," akasema. "Angekuwa anaigiza, angefanya vizuri kuliko hivi." Akachukua kibuyu akanywa.

Nimepiga harusi kuanzia Muleba hadi Bukoba, mwanangu, na siku hiyo yangu haina picha hata moja. Koku huwasimulia wajukuu, na kila mwaka kahawa niliyoangusha huongezeka. Mwaka huu imefika gunia. Mimi namwacha aendelee, sisemi kata.

Basi nasaha yangu ni hii. Kipaji unacho, na kujifunza mwenyewe si aibu, lakini usije ukadhani umejifunza peke yako. Kila uso uliouelekezea kamera umekufundisha, na mwalimu huombwa ruhusa na hushukuriwa. Kamera ni mgeni, ibishe hodi. Ukiambiwa karibu, ingia kwa heshima. Ukiambiwa ngoja, ngoja. Ukiambiwa hapana, funga lenzi yako uende, hata kama mwanga ni mzuri namna gani. Mcheza kwao hutunzwa, ila kwanza kwao wajue kwamba anacheza.

Rudi Ijuganyondo leo. Kaa chini ya miguu ya bibi yako, mpe hiyo simu aishike mwenyewe, ajione. Akisema ifute, ifute mbele yake, umwombe radhi. Na akicheka, muulize pale alipokuwa anasinzia alikuwa anaota nini. Huenda filamu yako iko huko, si kwenye punje iliyodondoka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho la kuona na ulimi wa kuuliza. Uwachekeshe watu wako bila kumwaibisha hata mmoja. Na kila mlango utakaobisha hodi, pawepo mtu ndani wa kukujibu, "Karibu, waitu, ingia na hicho chombo chako."